Ndege ya Waya ya Baba Mkwe

Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari, kisha nikaingia katika kazi ya kutengeneza radio. Kazi hiyo ndiyo iliyonizoesha kuandika, kwa sababu radio ishirini zikikaa mezani bila maandishi, utamrudishia mtu sauti ya jirani yake. Tangu hapo naandika kila siku katika daftari. Haya ninayoyaeleza nimeyatoa humo, na pale daftari linaponisema vibaya sikufuta.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi katika uwanja wa ndege wa Kisangani. Nyumbani kwake, juu ya kabati, ilikaa ndege ndogo aliyoiunda mwenyewe ujanani kwa mti mwepesi wa balsa, mabawa yake mita moja na kidogo. Ilikuwa ndege ya waya. Mwenye kuirusha anasimama katikati ya uwanja ameshika mpini. Nyaya mbili nyembamba zinatoka mkononi mwake mpaka kwenye bawa la kushoto. Ndege inazunguka, naye anazunguka nayo. Akiinua mkono, inapanda. Akishusha, inashuka. Watu wa umri wake walikuwa bado wanasimulia jinsi alivyoipitisha juu kidogo tu ya majani, mbwa wote wa mtaa wakakimbia.

Halafu kizunguzungu kikamshika. Akigeuka mara mbili, anaanguka. Na mafuta ya mota yake, ambayo si mafuta ya gari, hayakupatikana tena mjini. Ndege ikabaki juu ya kabati miaka mingi. Siku moja alimwambia binti yake, yaani mke wangu: “Mbele ya kufa, nataka kuirusha tena mara moja. Lakini nikiwa nimekaa.”

Hakuniambia mimi. Kwetu mtu na baba mkwe wake, tunamwita bokilo, hawasemezani ovyo. Humwulizi maswali kama unayemchunguza, naye hakufundishi kazi yako kama mtoto. Maneno yanapita kwa mke. Heshima hiyo ni nzuri, sisemi kinyume chake. Lakini safari hii ilitugharimu.

Mwalimu mmoja mzungu wa chuo kikuu, aliyekuwa anarudi kwao, aliniachia vyombo vya ndege yake ndogo iliyovunjikia kwenye mti: telekomande, yaani rimoti, yenye vijiti viwili, kisanduku cha kupokea mawimbi, vimota viwili vya kuvuta usukani na mkia, mota ya umeme na fungu moja la batri. Niliviangalia wiki nzima nikiogopa kuvigusa. Daftari linasema: “Mimi ni mtu wa radio. Ndege nitaiharibu.” Kesho yake limeandikwa: “Nimeanza.”

Nilitoa mota ya mafuta, tanki lake, nyaya, na bati la pembe tatu ambalo nyaya zilikuwa zinalivuta ndani ya bawa. Usukani wa nyuma ulikuwa umepindwa upande wa kuume, ili ndege ivute nje na nyaya zisilegee. Niliukata, nikaunyoosha, nikaufunga kwa vipande vya kitambaa ili ugeuke. Mota ya zamani nayo ilikuwa inatazama kuume kidogo. Ya umeme niliifunga ikitazama mbele. Mke wangu, ambaye anauza samaki wa moshi sokoni, alitoa kitambaa chake cha hariri, tukafunika mabawa upya. Batri nilizichaji kwenye batri ya lori gereji. Chef, yaani mkuu wa mtaa, alipita, akauliza kama kile kisanduku kinaweza kusema na nchi za nje.

“Inasema na ndege tu, citoyen,” yaani raia, nikamjibu.

“Na ndege inajibu?”

“Haijibu.”

“Bon. Ikianza kujibu, unilete ripoti.”

Nilimpelekea bokilo ujumbe kupitia mke wangu: nimeondoa kila kitu cha waya. Maneno hayo yote yamo daftarini.

Tulivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa mti, mpaka Lubunga, penye uwanja mpana karibu na reli. Ilikuwa Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya mtaa, imekwisha, na wanaume wa reli waliokuwa wanafyeka majani walisimama na mapanga yao kutazama. Bokilo aliketi kwenye kiti tulichokuja nacho, telekomande mapajani. Sikuwa nimeijaribu ndege hata mara moja. Niliona si haki mimi nimtangulie kwenye ndege yake.

Niliwasha mota, nikakimbia, nikairusha. Ilipanda vizuri. Nakiri kifua kilinijaa. Halafu ikalala upande wa kuume. Ikazunguka, ikazunguka tena, duara likizidi kuwa dogo, kana kwamba kuna mtu ameshika waya upande ule. Ikaanguka na bawa moja likapasuka.

“Ee, papa,” mtu mmoja wa reli alisema, “hii iko ndege ao iko mbuzi wa kufungwa kamba?”

Wakacheka. Mimi, kwa aibu, nikasema mbele ya watu wote: “Papa, ni mukono yako. Kidole inasukuma kuume. Umezoea waya.”

Aliangalia kidole chake cha gumba muda mrefu. Akaweka telekomande kwenye majani, akainuka polepole, akaenda kuketi ndani ya pirogi akitazama maji.

Siku tatu baadaye mke wangu alileta habari kutoka kwa baba yake: ndege nichukue mimi, iwe yangu, yeye mkono wake umekwisha. Mtu aliyefunga boliti za ndege za watu miaka yote ile, nimemwambia mkono wake haufai, na ameniamini.

Nilikuwa naunga bawa lililopasuka. Mke wangu alilibeba bawa zima juu ya vidole viwili, katikati, kama anavyopima samaki.

“Huku iko nzito,” akasema. Ncha ya kuume ikashuka.

“Ni gundi.”

“Njo vile ulisema ile mara ingine.”

“Mara gani?”

“Angalia mu daftari yako.”

Nikaangalia. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu, wiki mbili kabla ya kuvuka mto: “Mama watoto anasema bawa la kuume lina uzito. Ni gundi.” Nilikuwa nimepima ndege mbele na nyuma, mbele na nyuma, mara kumi. Kushoto na kuume sikupima hata mara moja.

Nilipasua hariri kwenye ncha. Ndani, kati ya vibao viwili vyembamba ambavyo sikuvifungua tulipofunika mabawa, palikuwa na kipande cha risasi, yale madini mazito, kikubwa kama kidole kidogo, kimebandikwa vizuri kabisa. Kiliwekwa kubeba uzito wa nyaya za upande wa pili. Nyaya niliziondoa mimi. Risasi niliiacha.

Hapo heshima peke yake haikutosha. Nilimtafuta shangazi wa mke wangu, maana kosa kwa bokilo halipelekwi kwa mdomo wako mwenyewe, nikampa jogoo, tukaenda. Shangazi alisema yaliyotakiwa. Mimi niliweka risasi mezani.

Bokilo aliigeuza kwa kucha. “Hii niliiweka mimi.”

Akaisukuma upande wangu.

“Ulituma neno, umeondoa kila kitu ya waya. Nikasema, mukwe ni fundi, amekwisha kuona. Nitamuuliza kama nani?”

“Na mimi, papa, niliogopa kukuuliza.”

“Donc,” shangazi akasema, “ninyi babili munaheshimiana mpaka ndege inaanguka. Jogoo haitoshi. Mungeleta mbuzi, kila mutu yake.”

Bokilo alicheka mpaka akashika meza. Lakini nilipotaja kuvuka tena, alificha mkono wake chini ya nguo. Akauliza, je, kama si risasi peke yake? Kama na mkono pia? Sikutaka kumdanganya. Nilisema: “Safari hii nitaijaribu mimi kwanza. Ikienda sawa kwangu, basi ilikuwa ni risasi. Mukono yako tutaiona kisha.”

Tulivuka Jumamosi iliyofuata, watu wa reli walewale. Kabla ya lolote niliwaambia kwa sauti: “Mara ile kosa ilikuwa yangu. Niliacha uzito mu bawa. Nilimusingizia papa.” Yule aliyetania mbuzi wa kamba akasema, “Tumesikia, fundi,” na hakucheka.

Niliirusha, nikaiendesha dakika moja. Ilikwenda sawa, ingawa kwangu ilikuwa inapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Ikatua kwenye majani. Nikampa bokilo telekomande. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nilirusha tena. Alikaa kwenye kiti, magoti pamoja, kichwa kimetulia. Ndege ilifuata reli moja kwa moja, mbali kuliko waya wowote ulivyowahi kuifikisha. Akaigeuza kushoto, polepole. Akaigeuza kuume. Ilikuwa imara kuliko mkononi mwangu, hilo kila mtu aliliona, na mimi nililiona kabla yao. Aliishusha mpaka juu kidogo ya majani, akaipitisha mbele yetu, wanaume wakarudi nyuma na mapanga yao. Batri zikapungua, akailaza chini bila kuvunja hata kijiti.

Najivunia ile kazi. Nikigawa kwa haki: ndege ni yake, mkono uliopima ni wa mke wangu, waya za umeme nilizilehemu mimi na hakuna hata moja iliyokatika. Nilinyoosha mkono nipokee telekomande.

“Acha kwanza,” akasema, na akabaki nayo mapajani, kidole cha gumba juu ya kijiti, akiangalia ndege yake iliyolala kule kwenye majani.