Mwite Mwenye Mkono

Mwaka 2013 nilikuwa Kakuma kwa shughuli za mitihani, na jioni ya kwanza binti wa mwalimu wangu wa zamani alinijia mlangoni na kitu kirefu kilichozungushiwa gunia. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi ya baba yake. Alipolifungua gunia, ilitokea fimbo ya kuvulia samaki. Nikaushika mpini, na vidole vyangu vikatumbukia katika mabonde mapana yasiyokuwa yangu. Nilijua papo hapo ni kiganja cha nani.

Huenda wewe, msomaji, ulikulia mahali ambapo mipini hununuliwa dukani, yote sawasawa. Sisi wa Lodwar, kando ya mto Turkwel, tulikuwa na nyanya yangu. Fimbo kila mtu alijikatia kwenye vichaka vya ukingoni, lakini mpini ulitoka kwake. Mbuzi alipochinjwa, aliichuna ngozi ya mguu wa nyuma bila kuipasua, ikatoka nzima kama soksi. Akaikwangua manyoya, akailoweka usiku kucha, kisha akaivisha kwenye kitako cha fimbo, juu ya nyuzi za mkoma, mti wa jamii ya mtende, alizokwisha kuzisuka. Mwishoni alitia kifuniko cha kokwa ya mkoma, akikichonga kwa namna aliyoitaka mteja: kichwa cha ngamia, nundu ya fahali, hata kofia. Polisi mmoja aliomba shanga za rangi za bendera. Mfugaji wa ng'ambo ya mto, aliyekosa kidole cha kati, alitengenezewa mpini wenye mabonde matatu tu.

Sheria yake ilikuwa moja. Mwenye mkono sharti aje mwenyewe, aukamate mpini ngozi ingali mbichi, akae juani asiuachie mpaka ikauke. Jua letu halikawii. Kuanzia chai ya asubuhi hadi adhuhuri, ngozi ilikuwa ngumu kama pembe, na vidole vya mtu vimebaki humo. Kazi yangu ilikuwa kumpa mteja maji, kumfukuzia nzi kwa tawi, na kuguguna tunda la mkoma, tamu, lenye nyuzi zilizoning'ang'ania menoni. Sikutaka kitu kingine duniani ila kuirithi kazi ile.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu alipewa uhamisho kwenda Kakuma. Alikuwa mtu wa upande wa Ziwa Victoria, na kuvua Turkwel ndiyo starehe pekee niliyowahi kumwona nayo. Aliagiza mpini wa kuondoka nao. Siku yenyewe nyanya alikwenda sokoni na vikapu vyake, akaniachia ngozi ndani ya beseni na amri kwamba nisiitoe majini kabla mwalimu hajafika. Mwalimu akachelewa. Nami nilikuwa na kiburi cha mtoto anayejiona fundi. Niliivisha fimbo, nikaishika mwenyewe, nikastarehe kuona vidole vyangu vikijichora.

Alipofika, lori likimpigia honi barabarani, ngozi ilikuwa imekauka kwa kipimo cha mkono wangu. Akajaribu, vidole vyake vikakaa juu ya mabonde kama kuku juu ya uzio. Nilimwambia italegea akiizoea. Akaniamini, akanishukuru kwa heshima anayopewa mtu mzima. Kosa la haraka lingesameheka. Uongo ule ndio uliokuwa dhambi, nami nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo.

Jioni nyanya aliniuliza mwalimu alikaa muda gani. Akavinusa viganja vyangu, akanena bila kupandisha sauti, "Ngozi yangu hutaigusa tena mpaka mwenye mkono akae."

Wiki mbili baadaye tulipanda lori la mahindi hadi Kakuma. Baada ya *ejok* na salamu zake zote, nilisema kweli huku nikitazama vumbi. Mwalimu akacheka.

"Mama, umepoteza safari. Mto wa hapa ni mchanga mtupu. Nitavua nini, mijusi?"

Nyanya hakucheka. "Sikuulizi samaki, Mwalimu. Nauliza kama mpini unaingia mkononi."

Haukuingia. Ngozi ikalowekwa upya, na asubuhi mwalimu akaketi nje ya nyumba yake, amekamata fimbo ya samaki kando ya mto usio na tone. Akina mama waliotoka kuchimba maji mchangani walipita wakimuuliza kama amepata wakubwa. Yeye aliwajibu kwamba bado wanaonja chambo. Mimi nilifukuza nzi. Jua lilipokaribia utosini akaniinamia.

"Ulikuja mwenyewe au uliburutwa?"

"Niliburutwa, Mwalimu."

"Basi umesema kweli mara mbili."

Nyanya alisikia. Akanipa kisu nipunguze ukingo wa ngozi.

Leo nyanya hayupo, na simjui hata mmoja anayeweza kuchuna mguu wa mbuzi ngozi ikatoka nzima. Ngozi hupakiwa kwenye malori, zikaenda. Vijana wa Turkwel hufunga fimbo zao kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na kila mkono huzishika kwa namna ileile. Wanasema inatosha. Samaki wanaweza kukubali, mimi sikubali.

Binti wa mwalimu alikuwa amepata kazi Lodwar. Alitaka kuvua alipovua baba yake, ila mpini haukumwingia mkononi. Nilimweleza waziwazi kwamba maji yatakifuta kiganja cha marehemu, na hakitarudi. Aliizungusha fimbo mapajani.

"Baba alikaa asubuhi nzima," akasema. "Hata mimi asubuhi ninayo."

Nikaomba beseni. Kulipopambazuka ngozi ilikuwa laini, haina bonde hata moja. Binti akatoka na kikombe mkononi, akaniomba niushike mpini kidogo amalize chai.

Nilimwambia anywe taratibu. Ngozi itamngoja majini.