Matairi Yangu Mapya na Kisu cha Jirani

Nililinyanyua gari langu mwenyewe kwa springi ndefu zaidi, nikalifunga matairi makubwa ya kupitia matope ya Kaliua. Siku ya tatu nikayakuta yamechanika ubavuni. Nikamshuku jirani yangu hapa Gongoni, Mama Kalunde, ambaye kila mchana hukata viazi vitamu vya michembe, vipande vya kuanika juani, kando ya gari hilo. Kisu kikali vile, na salamu zake za upole! Nikamwita balozi wa nyumba kumi, nikamshtaki mama wa watu mbele ya majirani.

"Kwanza lisogeze gari tuone," balozi akasema.

Nikakata usukani hadi mwisho, jaribio ambalo, ndugu msomaji, hufanywa kabla ya safari. Madigadi, yale mabati ya kukinga matope juu ya magurudumu, yakayakwangua matairi ubavuni kwa kelele, kipande cha mpira kikadondoka.

"Haya balozi," akasema Mama Kalunde, "sasa yahoji madigadi."