Jezi ya Dale

Kishindo cha njumu kwenye sakafu ya saruji: hicho ndicho Bi Verlene Tackett alichokikumbuka zaidi kuhusu mwanawe Dale, mchezaji mwenzetu aliyezama mtoni kabla msimu haujaanza.

Bi Verlene alikuwa dobi wa timu ya chuo chetu kidogo huku Ohio. Kila Jumamosi tulitundika jezi ya Dale kwenye chumba cha kuvalia, na hakuna aliyeivaa. Lakini baada ya kila ushindi, Bi Verlene aliikuta kwenye kapu la nguo chafu imelowa jasho, ina majani ya uwanjani.

"Nyie watundu, nani kaivaa?" alituuliza mara ya kwanza.

"Mama, nani athubutu?" mmoja wetu alijibu. "Grubb nahodha wetu mwenyewe, na tumbo lile, haimwingii!"

Tulicheka.

Hakuuliza tena. Aliifua kwa mkono, akaisubiri Jumamosi nyingine.

Desemba tulitwaa ubingwa bila kufungwa hata mara moja. Mji mzima ulipiga honi. Bi Verlene akafungua kapu. Jezi ilikuwa kavu, safi, imekunjwa mikono ndani, kama Dale alivyokunja nguo zake kila alipokuwa anasafiri.

Akaiweka shavuni.

"Bora mngefungwa, mwanangu, usingeondoka," alinong'ona.