Mkwaju wa Bibi na Mtu Anayenishikia Kamba

Mie kazi yangu kukata miti kwenye viwanja vya watu. Sio msituni. Mti umelalia bati, au umeingia kwenye nyaya za umeme, au mizizi inapasua ukuta wa jirani na jirani ameshaanza maneno, ndio tunaitwa sie. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kupanda minazi ya watu kule Gongo la Mboto, nikawa naangalia kwenye simu wenzetu wa nje wanavyofunga kamba, vifundo vingine nikavijua baada ya kuanguka.

Juu napanda mie. Chini anakaa braza. Hatujazaliwa tumbo moja. Yeye Mzaramo wa Mbagala, babu na bibi wote wa hapahapa, mie wazazi wangu wametoka Njombe. Ila mama yangu akipika anampakulia kabisa bila kuuliza kama anakuja.

Kazi ya braza ni kamba. Tawi zito huwezi ukalikata tu likajiangukia, utavunja nyumba ya mtu. Unalifunga kamba, kamba inapita kwenye panda ya juu yake, inashuka mpaka chini, braza anaizungusha kwenye shina na kuishikilia. Nikikata, tawi linabaki linaning'inia hewani. Nikisema "shusha", analegeza kidogo kidogo mpaka linatua. Hilo neno ndio uhai wangu. Kuna siku Mabibo tawi linaning'inia, mie bado nauchomoa mguu kwenye kamba, fundi mmoja wa kiwanja cha pili, mjuaji, akapaza sauti, "Shusha, shusha hiyo." Braza akashusha. Kamba ikanivuta, kiatu kikaenda nayo. Niliposhuka nilimwakia yule fundi mpaka watu wakatushika, halafu nikamgeukia braza.

"Kuanzia leo shusha ni ya kwangu peke yangu. Hata mama yangu mzazi akisimama hapa akwambie shusha, usishushe."

"Sawa."

"Hata uone nini."

"Nimesema sawa, dogo. Punguza kelele, watoto wamelala."

Ndivyo alivyo. Mie nawaka, yeye anaongea kama anaagiza chai.

Kwenye mambo ya miti braza ana masharti yake. Ukiota unaanguka, siku hiyo hupandi. Kabla ya mkwaju au mbuyu unagonga shina na unapiga hodi. Na jina la mtu halitajwi akiwa juu, maana wenyewe wa mti, majini, wakilijua watakuita wao, ukigeuka umekwenda. Kwa hiyo mie nikiwa kule jina langu Juu, na yeye Chini. Zamani nilikuwa namcheka, ila nafuata. Sharti langu mie lilikuwa moja tu: kuongea. Nikipanda naongea mwanzo mwisho, mpira, wanawake, bei ya unga, matusi kidogo. Braza alishazoea. Alikuwaga ananiambia, "We ongea tu. Nikikusikia najua upo wapi."

Sasa tukaitwa Mwananyamala kwa bibi mmoja. Mkwaju mkubwa, tawi moja limevuka mpaka juu ya bati la chumba chake cha kulala. Bibi mwenyewe mdogo wa umbo, kanga mbili, chetezo mkononi, ubani unafuka. Tukamwamkia, akaitikia, halafu akaniangalia mie.

"Wewe ndiye unayepanda?"

"Ndio, bibi."

"Nimekusikia tangu kule kona ya duka. Mti huu una wenyewe, mjukuu wangu. Kule juu sitaki porojo wala matusi."

"Bibi, mie nisipoongea huyu hajui kama nipo hai."

"Basi usipande."

Damu ikaanza kupanda. Nikasema, "Haya bibi, tutafutie jini apande akate mwenyewe." Braza akanikanyaga kidole cha mguu, kweli kweli, na buti lake. Akamwambia bibi kwa adabu, "Bibi, tusameheane. Kijana kumnyamazisha ni hatari kwake. Je, akisema maneno mazuri?"

Bibi akafikiri. "Anajua kusoma Kurani?"

"Huyu ni Mkristo, bibi."

"Basi aimbe hayo yao. Mungu hachukii kuimbiwa."

Ndio mie nikapanda mkwaju wenye majini, kwenye nyumba ya Kiislamu, naimba nyimbo za kanisani nilizofundishwa na mama. Mashine hatukuitumia kule juu, nyaya zilikuwa karibu, nilikuwa na msumeno wa mkono umefungwa kiunoni. Bibi alikaa kwenye kigoda barazani, kila nikimaliza wimbo anatoa maoni.

"Sauti kama mlango. Lakini maneno mazuri."

"Asante, bibi," braza akajibu kwa niaba yangu, na nikamsikia anacheka.

Tawi lenyewe lilikuwa nene kama kiuno cha mtu. Nikalifunga, nikahakikisha kamba, nikamwambia Chini kaza, akakaza. Nikaanza kukata huku naimba. Nilitegemea likivunjika litaning'inia upande wa bati. Halikufanya hivyo. Lilipasuka kabla sijafika nusu, likazunguka, kitako chake kikanirudia, kikanipiga kifuani na kunigandamiza kwenye shina.

Na likakaa hapo hapo.

Naomba mnielewe, maana watu wengi nikiwasimulia hawaelewi. Tawi halikuwa limeniangukia. Lilikuwa limeshikiliwa na kamba, na kamba ilikuwa imeshikiliwa na braza, na braza alikuwa ameishikilia vizuri sana. Mkono wa kushoto umebanwa. Pumzi inatoka, hairudi. Msumeno unaning'inia kiunoni, haukuanguka, kwa hiyo chini hakuna hata kitu kilichodondoka cha kuwashtua. Majani ya mkwaju yamenificha. Dawa ilikuwa neno moja, shusha, na neno halisemeki bila pumzi. Sauti zao nilikuwa nazisikia vizuri kabisa, kama redio ya jirani.

Braza hakushtuka. Tawi likivunjika kawaida nakaa kimya kidogo naliangalia linavyotulia, ndio nasema. Alikuwa anasubiri kama tulivyokubaliana, ameegemea nyuma, kamba mkononi.

Bibi akasema, "Mwanangu, huyo hajamaliza."

"Anapumzika, bibi."

"Hapo hawapumziki. Nina kanisa nyuma ya ukuta huu tangu sijapata mvi, wimbo huo naujua. Hapo sauti inapanda, haijashuka bado. Hakuna anayeachia hapo."

Braza akaita, "Juu." Kimya. Akaita tena, "Juu, sema kitu."

Nilijaribu kupiga shina kwa kisigino. Haikutoa sauti yoyote.

"Shusha," bibi akasema.

"Siwezi, bibi. Mpaka aseme mwenyewe. Akiwa na mguu kwenye kamba nitamng'oa."

"Mwanangu, anayesema hayupo. Shusha."

Nilisikia braza anasema bismillahi. Halafu kamba ikalegea.

Tawi lilipita juu ya kifua changu likashuka na shati na ngozi kidogo, na ile hewa ilivyoingia, jamani. Sijawahi kula kitu kitamu vile. Nikakohoa, nikatoa sauti fulani ya ajabu, na bibi akasema kule chini, "Alhamdulillahi, mlango umefunguka."

Nilishuka mwenyewe, polepole. Bibi alishatandika mkeka, akanipaka mafuta ya karafuu kifuani huku ananisema kwamba nimekonda, akaninywesha chai ya tangawizi. Nikamuuliza kama wenyewe wa mti walikasirishwa na nyimbo za kanisani. Akasema, "Wangekasirika ungekuwa unaniuliza mie hapa?" Halafu akanijazia kikombe. Mpaka leo nikipita Mwananyamala lazima niingie kumwamkia, na nisipoingia wiki anatuma mtu kuuliza.

Braza hakunywa chai. Nilimkuta bombani ananawa mikono, ananawa tu.

"Nilikuwa nakuua, mdogo wangu," akasema. "Nimekushikilia vizuri kabisa, nakuua."

"Ulifanya nilichokwambia."

"Ndio hicho ninachosema."

Pale kijiweni tunaposubiria kazi habari ilifika kabla yetu. Mmoja akaanza, "Oya, nasikia jini lenyewe ndio lilikuwa limeshika kamba." Wakacheka. Nilisimama. Kifua kinauma hata kucheka siwezi, lakini nilisimama, nikamwambia rudia. Hakurudia. Nikamwambia kati yao wote pale hakuna ambaye ningemwambia usishushe akasubiri hata sekunde, wangeshusha mara ya kwanza mbu akilia, na mie nisingekuwa na miguu. Braza akanivuta mkono tukaondoka.

Kazi iliyofuata ilikuwa Msasani, mti wa mkungu ndani ya geti la mama mmoja mwenye bustani imepangwa kama keki. Tulikuwa na kijana mwingine wa kubeba magogo. Nilipomaliza kuvaa mkanda nikakuta kamba anayo yule kijana, na braza ameshika panga anapunguza vijiti.

Nikakaa chini.

"Panda," braza akasema.

"Kamba haina mtu."

"Ina mtu, huyo hapo."

"Huyo namheshimu, lakini simjui akinyamaza anakuwaje."

"Dogo, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Mie nina siku nzima, braza. Hata chapati ninazo."

Mama mwenye nyumba akachungulia dirishani kuuliza tumekuja kukata mti au kufanya pikiniki. Braza akaweka panga chini. Akaichukua kamba, akaizungusha kwenye shina, akaijaribu kwa uzito wake.

"Nikuambie kitu," akasema bila kuniangalia. "Ukikata sauti tu, nashusha. Sisubiri neno. Hata uwe umekata kwa kumeza mate."

"Shusha."

"Sitaki lawama."

"Nimesema shusha, braza."

Nikapanda. Na katikati ya tawi la pili chembe ya unga wa mbao ikaniingia kooni, nikakohoa, nikanyamaza nipate kutema, na braza akashusha. Tawi zima likaenda kukaa juu ya maua ya yule mama, yale mekundu aliyotuonyesha asubuhi na kutuomba tuyaangalie. Akatoka na kanga kichwani akatusema sie, akawasema wazazi wetu, akasema hatujasoma na hatutasoma. Wanaonijua wanajua nisingevumilia hata robo ya yale maneno. Nilishuka nikasimama pembeni ya braza, mikono nyuma, nikawa naitikia. Ndio, mama. Kweli, mama. Tumekosa, mama. Nilitamani aendelee.