Alasiri Niliyopanda Mkuyu

Juzi kanisani Karatu walizindua bustani ya miti ya Biblia. Mgeni rasmi nilikuwa mimi, mwenye malori matatu ya vitunguu, na darasa la nne sikumaliza. Wakanipa mkasi nikate utepe. Nilipouona mche wa mkuyu, nikaurudisha mkasi, nikaomba jembe nipande mwenyewe.

Nilikumbuka utoto wangu Mang'ola, alasiri ya zamu yetu ya maji ya shamba. Mama alinituma nikafungue mfereji, yeye akibaki anapalilia. Pale mferejini palikuwa na mkuyu unaonukia makuyu yaliyoiva, nyuki wakivuma. Jumapili tulifundishwa kuwa Zakayo alipanda mkuyu, Yesu akaenda kula kwake. Mimi nikajua siri ni kupanda tu. Nikapanda, jembe nikaliacha chini.

Mama alinikuta huko juu, vitunguu vimelala kwa kiu.

"We Paulo! Unafanya nini huko?"

"Namngoja Yesu, mama."

Nilitegemea fimbo. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Zakayo mwenyewe aliambiwa ashuke upesi! Shuka, zamu inaisha."

Nilishuka magoti yamechubuka, tukachimba tope pamoja. Maji yalifika nusu ya majaruba tu, jirani akaja kuyageuzia kwake. Nikaanza kulia.

"Tumekosa maji, na Yesu naye atapita niko huku chini!"

Mama alinifuta uso kwa kiganja chenye tope.

"Apite tu, baba. Atatukuta kazini."