Blanketi la Harusi Juu ya Boneti

Jirani yangu hapa Jang'ombe ana gari linalowaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Langu haliwaki mpaka mke wangu alisukume. Sitaki kuwadanganya, wasomaji: roho inaniuma.

Wiki nzima ya kipupwe hiki, nikitoka msikitini alfajiri, namkuta jirani anaondoa blanketi zito juu ya boneti. “Kaka yangu yupo Ulaya, kwenye theluji,” aliniambia, akilikunja taratibu kama nguo ya Idi. “Kasema injini ikilala baridi, asubuhi inagoma.”

Jana mkewe alitokea mlangoni, kajitanda kanga mbili, kajikumbatia.

“Jirani, hebu muulize mwenzako,” akaniambia. “Blanketi hilo nlipewa mimi siku ya harusi. Nnakohoa tangu Ijumaa. Mimi na gari, nani mke?”

Jirani akaendelea kukunja. Mimi sikusubiri jibu. Nilikimbia nyumbani kuliondoa blanketi letu, nililolitandika kwa wivu juu ya gari langu, kabla mke wangu hajatoka nje.

Nilimkuta ameliegemea gari, kanga mbili mabegani.

“Haya,” akasema, “liwashe basi, tuone.”

Halikuwaka. Na safari hii hakulisukuma.