Supu Nyeupe ya Mama

Jana nimepita Bloomington, huku ughaibuni tunakoishi, karibu na lile jumba kubwa la maduka, nikakuta mgahawa wa rameni haupo. Sasa wanauza makava ya simu. Nilikasirika utadhani ulikuwa wa kwetu! Wala. Ulikuwa wa kampuni ya Wajapani yenye matawi kibao, na chakula chao hatukuwahi kukigusa. Tambi kwenye supu ya mifupa ya nguruwe, sisi Waislamu wa Tanga?

Ila mama alifanya kazi jikoni pale nilipokuwa darasa la tano. Ndiyo kazi iliyopatikana. Aliosha mifupa, akaichemsha kwa moto mkali kutwa nzima, mpaka supu ikawa nyeupe kama tui. Akirudi, anavua nguo za kazi kwenye ngazi, na baridi yote ile, anakimbilia bafuni. Bado bibi, mama yake baba, anafungua dirisha. Na akipika mama, bibi hali. Mkate na chai tu. "Mkono hausahau ulichoshika," ndiyo kauli yake.

Halafu bibi akaugua kifua, akakonda, mashavu yakaingia ndani. Baba akabembeleza, wapi! Siku ya mapumziko mama akanichukua mpaka bucha la Wasomali, tukanunua mifupa ya mbuzi, na sufuria jipya ili bibi asipate neno. Akaikokea moto kama kazini. Tangawizi, vitunguu, ndimu pembeni. Nyumba ilinukia, wee acha! Mimi nafunua mfuniko kila dakika, mama ananifinya: "Una pupa wewe, ya bibi yako hiyo!"

Akampelekea bakuli kwa mikono miwili. Bibi akachungulia. Supu ya mbuzi anayoijua yeye, unaona mpaka chini ya bakuli. Hii ilikuwa nyeupe pee.

"Mkamwana, unanilisha kitimoto mimi?"

"Wallahi ni mbuzi, mama. Muulize mjukuu wako, tumenunua wote."

"Mtoto atajua nini? Toa."

Mama akatoa. Bora hata angelia. Niliimaliza mimi, nimesimama kwenye sinki, tamu mpaka nikaona aibu.

Theluji haijayeyuka, bibi akatutoka. Mama akaacha ile kazi. Siku hizi supu yake ni maji maangavu kama ya watu wote. Jana nimemwomba tena ile nyeupe.

"Nimeshasahau," kasema, huku anasugua sufuria.

Nikamtazama mikono. Kwa hilo tu, bibi alisema kweli: mkono hausahau.